Shahada, leseni na cheo: anachopaswa kujua muuguzi wa diploma kabla ya kurudi darasani

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wauguzi wenye diploma hapa Nairobi halihusu faida ya kusoma. Hilo walishalijibu zamani, na wengi wameanza kuweka akiba ya karo. Wanachotaka kujua ni kama watapandishwa cheo wakimaliza. Jibu langu huwavunja moyo kidogo mwanzoni: shahada haimpandishi mtu cheo. Anayepandisha ni mwajiri, na mwajiri ana taratibu zake, bajeti yake na foleni yake.

Mkanganyiko unaanzia hapo, kwa kuwa tunazungumzia vitu vitatu kana kwamba ni kimoja. Kuna shahada, inayotolewa na chuo kikuu. Kuna usajili na leseni, vilivyo mikononi mwa Baraza la Wauguzi la Kenya. Halafu kuna cheo na mshahara, vinavyoamuliwa na kaunti, hospitali ya rufaa, hospitali ya kibinafsi au shirika lililokuajiri. Ofisi hizi tatu hazipelekeani habari. Chuo hakimwandikii mwajiri wako barua siku ya mahafali, Baraza haliipigii kaunti simu, na kaunti haijui kwamba ulikuwa ukitoka zamu ya usiku na kupanda matatu moja kwa moja hadi darasani. Ni wewe unayezungusha karatasi kutoka ofisi hadi ofisi, na usipozizungusha hakuna kinachosogea.

Nimeona machozi mengi yaliyotokana na kutolijua hili. Ndiyo maana naliandika kwa urefu.

Ngazi mbili

Tuanze na sifa zenyewe, maana mgonjwa akiwa kitandani sisi sote ni sista kwake. Kuna muuguzi wa cheti, ambaye ndiye aliyebeba zahanati za nchi hii kwa miongo mingi. Kuna muuguzi aliyesajiliwa mwenye diploma, ambaye wengi wetu tunamtaja kwa herufi tu, KRCHN: amesomea uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya jamii kwa muda wa miaka mitatu hivi, mara nyingi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, au katika chuo cha hospitali ya misheni. Halafu kuna mwenye shahada ya sayansi katika uuguzi, BScN, ambaye akiingia moja kwa moja kutoka sekondari husoma miaka minne kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini akiwa intani.

Safari ya kupanda kutoka sifa moja hadi nyingine si jambo geni hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafundisha wauguzi waliokwisha kuhitimu mwaka 1968, kikitoa diploma ya juu, na kozi ya shahada ikaanza mwaka 1992. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref na Baraza la Wauguzi walianzisha mpango wa kuwasomesha wauguzi wa cheti kwa kompyuta ili wawe wasajiliwa, na maelfu walijiendeleza hivyo bila kuacha vituo vyao vya kazi. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kozi iliyotengenezwa mahususi kwa muuguzi ambaye tayari yuko kazini, anayekwenda darasani siku chache kwa wiki na siku nyingine akabaki wodini. Leo orodha imekuwa ndefu: Chuo Kikuu cha Kenyatta, JKUAT, Mount Kenya, KeMU, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Amref na vingine.

Sasa tuje kwenye mshahara. Katika utumishi wa umma, muundo wa utumishi wa wauguzi una ngazi mbili zinazosimama sambamba. Mwenye diploma huanzia jobu grupu H, yaani kundi la mshahara lenye herufi hiyo. Mwenye shahada huanzia K. Herufi I hairukwi kwa bahati mbaya, haimo kabisa katika orodha, kwa hiyo kutoka H mtu huenda J ndipo afike K. Baadaye Tume ya Mishahara ilileta mfumo mwingine wa kupanga madaraja, lakini nenda wodi yoyote ya serikali jijini na utasikia watu bado wanazungumza kwa herufi zile zile.

Hapa ndipo hesabu inapowashinda wengi, na naomba usome aya hii polepole. Mtu aliyeajiriwa juzi akiwa H, akipata shahada na kubadilishiwa wadhifa, anaruka hatua mbili. Faida yake ni kubwa na anaiona kwenye hati ya mshahara. Lakini mwenzake aliyefanya kazi miaka mingi na kupanda kwa uzoefu hadi K au L akiwa bado na diploma, akileta shahada hiyo hiyo, huenda akabadilishiwa jina la wadhifa tu, kutoka muuguzi msajiliwa hadi afisa wa uuguzi, akabaki katika kundi lile lile. Mshahara hausogei mwezi huo. Nimewaona dada zetu wenye umri wa miaka arobaini na kitu wakilia kwa sababu hawakuambiwa hivyo na mtu yeyote. Walichopata ni dari iliyoinuliwa, kwa kuwa ngazi ya diploma huishia katikati na ile ya maafisa huendelea hadi ngazi za wakurugenzi wa huduma za uuguzi. Dari iliyoinuliwa ina thamani ikiwa bado una miaka ya kuifikia. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60. Mwenye miaka 32 na mwenye miaka 54 wanauliza swali moja, lakini hawapaswi kupewa jibu moja.

Na hata dari hiyo haifikiwi kwa shahada peke yake. Vyeo vya juu huomba kozi ya uongozi wa ngazi ya juu, ile ya wiki nne inayotolewa na Chuo cha Serikali cha Kenya pale Lower Kabete, na ukipanda zaidi huombwa shahada ya uzamili. Nafahamu wauguzi waliokosa nafasi kwenye usaili wakiwa na digrii mkononi kwa sababu ya kozi hiyo ya wiki nne tu. Inauma, kwa sababu ingeweza kufanywa katika likizo moja ya mwaka.

Kwa nini kaunti husitasita

Tangu 2013 afya imekuwa jukumu la kaunti. Muuguzi wa hospitali ya Pumwani, Mbagathi au Mama Lucy Kibaki ni mwajiriwa wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, na anayeidhinisha kupandishwa kwake ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti. Wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ana mwajiri mwingine kabisa, mwenye bodi yake. Wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa 2019, vivyo hivyo. Unaposikia kwamba rafiki yako alipandishwa miezi mitatu baada ya mahafali, uliza kwanza anafanya kazi wapi.

Kaunti zina kikwazo cha kisheria ambacho wauguzi wengi hawajakisikia. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema kwamba mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti nyingi zimevuka kiwango hicho. Kwa hiyo faili lako linapofika mezani, afisa wa rasilimali watu hashughulikii cheti chako tu, anaangalia pia kama kuna nafasi iliyoidhinishwa katika kundi hilo na kama bajeti ya mwaka imeitenga. Jibu "subiri mwaka ujao wa fedha" mara nyingi halina chuki ndani yake. Hata hivyo halina haki pia, na sitajifanya kwamba lina haki. Mtu anafanya kazi ya afisa, anasimamia wodi, anawaongoza wanafunzi, anaandika ripoti, halafu analipwa kama aliyemaliza chuo jana kwa sababu safu fulani ya bajeti haina kitu. Mgomo wa wauguzi wa 2017, uliochukua takriban miezi mitano, ulihusu mkataba wa pamoja wa mishahara na marupurupu, lakini yeyote aliyekaa na waliogoma alisikia pia habari za watu waliokwama katika kundi moja mwaka baada ya mwaka.

Walio kwenye mikataba ya muda wana hali tofauti. Ikiwa mkataba wako unataja kiasi maalumu cha malipo, shahada haitaugusa hadi uingizwe katika ajira ya kudumu. Itakusaidia siku ya usaili wa ajira hiyo, na hiyo si faida ndogo, lakini usiipangie matumizi kabla.

Katika hospitali za kibinafsi hakuna herufi. Kuna meneja wa uuguzi na kuna mazungumzo. Baadhi humwongezea mwenye shahada, nyingine hutazama zaidi ujuzi maalumu, na nyingine huweka shahada kuwa sharti la kuwa msimamizi wa wodi tu. Uliza kabla ya kujiandikisha, tena uliza kwa maandishi.

Barua kabla ya karo

Ikiwa kuna jambo moja ningependa mtu alitoe katika makala haya na kulifanya kesho asubuhi, ni hili: omba kibali cha masomo kwa mwajiri kabla ya kulipa karo. Barua yako hupitia kwa msimamizi wa wodi, ikaenda kwa matroni au mkuu wa huduma za uuguzi, ikafika kwenye kamati ya mafunzo. Inachukua muda, na ndiyo sababu watu huiruka. Wanaogopa kukataliwa, au wanaona muhula unaanza, wanajiandikisha kimyakimya na kupangiana zamu na wenzao.

Miaka miwili na nusu baadaye wanaleta cheti. Afisa anafungua faili na hakuti barua yoyote inayoonyesha kwamba kozi hiyo iliidhinishwa. Kwa mwajiri, hayo ni masomo ya binafsi. Hakatazwi kuyatambua, lakini pia hana wajibu wa kuharakisha. Mwenye kibali yuko mahali tofauti: jina lake limo katika makadirio ya mafunzo, huenda akapewa likizo ya masomo au angalau ratiba ya zamu inayomruhusu kuhudhuria, na akirudi ana hoja ya kudai. Likizo yenye mshahara mara nyingi huja na mkataba wa kubaki kazini kwa kipindi fulani baada ya kuhitimu. Usome mkataba huo neno kwa neno, hasa kama moyoni una mpango wa kwenda nje.

Jambo la pili ni kuhakiki chuo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu huidhinisha chuo na programu zake. Baraza la Wauguzi nalo lina orodha yake ya taasisi inazozitambua kufundisha uuguzi, na humpa kila mwanafunzi nambari yake. Mamlaka ya vyama vya taaluma dhidi ya Tume yamewahi kuzua mvutano hadi mahakamani, lakini wewe mwanafunzi usiingie katika vita hivyo. Hakikisha chuo kimo katika orodha zote mbili, na hakikisha ni programu ya uuguzi yenyewe na kampasi yenyewe unayokwenda, kwani jina kubwa la chuo haliidhinishi kila tawi lake. Shahada isiyotambuliwa na Baraza ni karatasi ya kutundika ukutani.

Utahitaji leseni iliyo hai, na hiyo inamaanisha pointi zako za mafunzo endelevu ziwe zimekamilika, pamoja na matokeo ya diploma na cheti cha KCSE. Vyuo hutambua sehemu ya yale uliyosoma kwenye diploma na kukupunguzia muda, lakini havipunguzi sawa. Ulizia kozi zipi hasa zimesamehewa, maana "miaka miwili" ya tangazo inaweza kuwa mihula ya mfululizo isiyo na likizo.

Kuhusu masomo ya mtandaoni, nadharia husomeka vizuri kwenye simu saa tano usiku watoto wakishalala. Mazoezi ya wodini hayasomeki hivyo. Yana saa zake na daftari lake la kutiwa saini, na yanataka mwili wako uwe hapo. Uliza yanafanyika hospitali gani na siku zipi. Mtu anayeishi Embakasi, anafanya kazi Ngong Road, na kupangiwa mazoezi upande wa Thika Road anapoteza saa nyingi barabarani kiasi kwamba karo inakuwa gharama ndogo kuliko zote.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ina mkopo wa Jielimishe kwa wanafunzi walio kwenye mshahara, vyama vya akiba na mikopo kama Afya Sacco vinajua mapato ya wauguzi na hukopesha kwa ajili ya karo, na baadhi ya vyuo hukubali malipo kwa awamu. Wengi hata hivyo hulipa kwa lokamu, yaani zamu za ziada katika hospitali nyingine. Hapo ninaogopa. Zamu ya mchana mahali pamoja, lokamu ya usiku mahali pengine, darasa asubuhi, halafu dawa za kupima kwa mililita. Punguza mwendo. Ni afadhali kozi ikuchukue mwaka mmoja zaidi.

Shahada au stashahada ya juu ya ubingwa?

Hapa pana njia panda ambayo watu hawaioni. Muuguzi wa diploma anaweza kwenda shahada, au anaweza kusomea ubingwa kwa mwaka mmoja: wagonjwa mahututi, thieta, figo, watoto wachanga, saratani, dharura. KMTC imefundisha kozi hizi kwa miaka mingi, na Hospitali ya Kenyatta ndiyo darasa lake kubwa.

Ubingwa unakupa mikono. Mtu aliyesomea uuguzi wa wagonjwa mahututi anatafutwa na hospitali za kibinafsi za jiji hili, na anatafutwa pia Ghuba. Mshahara wake unaweza kupanda upesi kuliko wa mwenye shahada ya jumla. Lakini stashahada hiyo peke yake haikufungulii mlango wa uzamili. Chuo Kikuu cha Nairobi na vingine vinataka shahada ya kwanza kabla ya kukupokea kwa uzamili wa uuguzi, na bila uzamili huwezi kufundisha chuo kikuu. Anayependa kitanda cha mgonjwa na anataka kubaki hapo, ningemwambia aanze na ubingwa. Anayetaka kufundisha, kutafiti, kuingia katika sera au kuongoza idara, aanze na shahada, na ubingwa aupatie kwenye uzamili. Anayetaka vyote viwili na bado ni kijana, mpangilio wowote utamfikisha.

Nimewasikia wakuu wa wodi wakisema kwamba wa digrii wanajua vitabu na wa diploma wanajua kazi. Usemi huo umetuumiza sana. Unamkatisha tamaa mwenye diploma asisome, na unamfanya mwenye shahada aogope kuuliza. Aliyeingia shahada baada ya miaka mitano wodini anajua vyote viwili, na ndiye mwalimu bora ninayemjua kwa intani yeyote.

Je, mgonjwa anafaidika?

Swali hili lina utafiti mzuri, ingawa mwingi umefanywa mbali na kwetu. Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake walichapisha matokeo kutoka hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Walikuta kwamba kila asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada inayoongezeka katika hospitali iliambatana na upungufu wa asilimia 5 wa uwezekano wa mgonjwa aliyepasuliwa kufariki ndani ya siku 30. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa timu hiyo, katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya zenye wagonjwa zaidi ya 420,000, ulionyesha upungufu wa asilimia 7.

Matokeo haya yalitikisa Marekani. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya mwaka 2010 ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wa nchi hiyo wawe na shahada kufikia 2020. Jimbo la New York lilikwenda mbali zaidi: sheria iliyotiwa saini Desemba 2017 inawataka wauguzi wapya wasajiliwa wapate shahada ndani ya miaka kumi tangu kupewa leseni. Huko New York shahada imekuwa sharti la kubaki na leseni, jambo ambalo kwetu halipo.

Lakini soma utafiti wa Ulaya hadi mwisho. Ulikuta pia kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliongeza uwezekano wa kifo kwa asilimia 7. Elimu na idadi vilikwenda pamoja. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust wamechunguza vyumba vya watoto wachanga katika hospitali za Nairobi na kukuta kazi nyingi za uuguzi hazifanyiki kwa sababu muuguzi mmoja ana watoto wengi kupita kiasi. Mpe muuguzi huyo shahada tatu, bado ana mikono miwili. Yeyote anayetuambia tusome ili huduma iboreke, huku hataki kuajiri, anatutwika mzigo ambao si wetu.

Ninachoamini, na nimekiona, ni kwamba shahada inabadilisha maswali ambayo mtu huuliza. Takwimu, epidemiolojia, uongozi, mbinu za kufundisha na tasnifu ya mwisho hufundisha mtu kutoridhika na "ndivyo tunavyofanya hapa". Mwanafunzi anayechagua tasnifu yake kuhusu vidonda vya kulalia katika wodi yake mwenyewe, akahesabu, akaandika, akawaonyesha wenzake, ameacha kitu wodini hata kama cheo chake hakijasogea. Chagua mada ya aina hiyo. Usinunue tasnifu kutoka kwa waandishi wa mtaani, tafadhali. Ndiyo sehemu ya kozi iliyo na thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wengi zaidi hutupa.

Na wanaotazama ng'ambo

Wengi husoma shahada wakiwa na Uingereza au Marekani akilini, na hapa nina habari ambayo huwashangaza. Marekani, mtihani wa leseni, NCLEX-RN, ni ule ule kwa mwenye shahada na asiye nayo. Uingereza, muuguzi kutoka nje anayeanza katika huduma ya afya ya taifa huingia bendi 5, yaani daraja la mshahara la huko, na mwenye shahada hapewi bendi ya juu zaidi kwa sababu ya shahada hiyo. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya Julai 2021, na kilichowakwamisha wauguzi wa awali hakikuwa diploma. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, kumi tu ndio waliofaulu.

Kwa hiyo kama lengo ni kuondoka haraka, fedha za kwanza ziende kwenye maandalizi ya lugha, uhakiki wa Baraza na uzoefu wodini. Shahada itakufaa baadaye, unapotaka kupanda bendi, kufundisha au kusomea ubingwa huko.

Ukishahitimu

Tuseme umemaliza. Usingoje mahafali, omba chuo barua ya kukamilisha masomo pamoja na matokeo rasmi. Peleka kwa Baraza ili sifa yako mpya iandikwe kwenye daftari lake, kisha andika barua ya kuomba kubadilishiwa wadhifa, ukiambatisha kibali cha masomo, matokeo, cheti na leseni. Weka nakala ya kila kitu yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Muhuri huo ni muhimu kwa sababu kupandishwa huanza kuhesabiwa tangu tarehe iliyo katika barua ya uteuzi, si tangu ulipohitimu, na mwenye ushahidi kwamba aliwasilisha mapema ndiye anayesikilizwa chama cha wauguzi kinapodai malimbikizo.

Wakati unasubiri, soma matangazo ya kazi. Nafasi ya afisa wa uuguzi inayotangazwa katika hospitali ya rufaa au kaunti jirani kama Kiambu au Machakos unaweza kuiomba kupitia mwajiri wako wa sasa. Ukiipata, usiandike barua ya kujiuzulu. Omba uhamisho wa utumishi, ili miaka yako ya pensheni iende nawe.